Kabla hujakabidhi mfumo uliojengwa kwa programu huria

Ukipata kazi ya kukitengenezea chama cha msingi cha korosho mfumo wa mizani na malipo, iwe Masasi, Tandahimba au Nachingwea, sehemu kubwa ya utakachokabidhi hukuiandika wewe. Chini kuna mfumo endeshi wa Linux, juu yake hifadhidata ya PostgreSQL, kisha maktaba za msimbo (vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa) chungu nzima ulizopakua. Zote ni programu huria: msimbo wake uko wazi, unautumia kwa masharti ya leseni. Karibu kila leseni ya programu hizo inasema zinatolewa kama zilivyo, bila dhamana. Kwa hiyo mwandishi wa asili hadaiwi kitu. Chama kikiletewa barua ya wakili, jina lililo kwenye mkataba ni lako.

Na programu ya bure ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, na leseni ndiyo ruhusa uliyonayo. Leseni za MIT na BSD hazina makuu: acha tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni ndani ya nakala unayotoa. Leseni ya Apache 2.0 inakutaka pia uonyeshe mafaili uliyobadilisha. Nayo inakupa ruhusa ya hataza (haki za uvumbuzi) za waliochangia, ruhusa inayokufa ukiwashtaki kwa hataza juu ya programu hiyohiyo.

Wengi hukwama kwenye GPL, leseni inayotaka anayepewa programu aweze kupata na msimbo wake. Umechukua maktaba ya GPL, ukaiunganisha na programu yako, ukaiweka kwenye tableti ya karani wa ghala. Kumkabidhi tableti ile ni kusambaza. Chama sasa kina haki ya kupata msimbo wa programu nzima, chini ya GPL, hata kama mkataba wako umeandika kwamba msimbo ni siri. Ukiiweka programu hiyohiyo kwenye seva yako, makarani wakaingia kwa kivinjari tu, GPL haikudai msimbo; AGPL, leseni ndugu yake inayohesabu hata matumizi ya mtandaoni, itakudai ikiwa umeibadilisha. Ukikosea, toleo la 3 la GPL linakurudishia haki zako ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu uarifiwe, kama ni kosa la kwanza kwa mwenye haki huyo. Toleo la 2, la mwaka 1991, halina nafasi hiyo.

Kwa hiyo fungua daftari siku ya kwanza ya kazi, usingoje siku ya kukabidhi. Kila unachopakua kiandikie jina, toleo, leseni, kilikotoka, na kama umekigusa. Fungua faili la leseni lenyewe ulisome, maana maelezo ya ukurasa wa mbele hukosea. Kisichokuwa na leseni kiache, hata kama msimbo uko wazi kwa kila mtu: hujapewa ruhusa.

Kisha mkataba. Mteja akitaka umkinge dhidi ya madai yote bila kikomo, usisaini. Kubali kumkinga kwa madai ya hakimiliki juu ya ulichoandika mwenyewe, fidia isizidi bei ya kazi, akuarifu ndani ya siku 14, na uwe na haki ya kubadilisha kipande chenye mgogoro. Alichobadilisha yeye kisihesabiwe kwako. Baada ya kampuni ya SCO kuishtaki IBM mwaka 2003 kuhusu Linux, wauzaji kama HP na Novell waliwaahidi wateja wao kinga, lakini ni wateja wanaolipia. Mteja anayehitaji kinga ya ukubwa huo mwambie mapema, gharama ya huduma ya kulipia iingie kwenye ankara.

Daftari liambatishe kwenye mkataba, kila ukurasa na sahihi mbili.