PCB na Hesabu za Advansi?

Dada, huyo kijana wako wa Kigoma anayetaka kubeba Hesabu za Advansi (Advanced Mathematics) juu ya PCB, yaani mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia wa kidato cha tano na sita, ili apate udaktari Muhimbili, mwambie aache. Wanachoangalia pale ni alama za masomo hayo matatu: A pointi 5, B 4, C 3. Somo la nne halimwongezei kitu, na tayari ana GS (General Studies) na BAM (hesabu za msingi za wasiosoma Advansi). Hata Cambridge kule Uingereza, ofa zao kwa kawaida ni za masomo matatu. (Kama moyo uko kwenye uinjinia, ahamie PCM (Fizikia, Kemia na Hesabu) mapema.)

Muda huo aupeleke kwenye praktikali. Wanafunzi wangu wa tuisheni hapa Tabora wanakokotoa moli vizuri, halafu kwenye titresheni, bureti (mrija wenye vipimo) wanaisoma kwenye ukingo wa juu wa mkunjo wa asidi badala ya sehemu yake ya chini kabisa.