Harufu za Waliotutangulia: Maswali Yenu na Majibu

Wengi mmeniandikia mkiwa ndio kwanza mmekabidhiwa funguo. Mmefungua mlango kwa furaha, na harufu ya watu wengine ikawapokea hata kabla hamjatua mizigo. Nimeyafupisha maswali yenu, na kila nyumba naijibu peke yake.

Aliyeishi hapa kabla yetu alikuwa mvutaji wa sigara. Tumepaka rangi mara mbili. Baada ya wiki chache harufu imerudi, na darini yametokeza madoa ya kahawia.

Poleni, maana kupaka rangi ni kazi, na kurudia ni kazi mara mbili. Mvutaji amehama lakini moshi wake umebaki. Kila sigara iliacha utando wa lami na nikotini unaonata ukutani, darini, kwenye mbao na hata juu ya balbu. Rangi ya maji ikipakwa juu ya utando huo, uchafu huyeyuka na kupenya hadi juu. Hayo ndiyo madoa mnayoyaona.

Chukueni kitambaa cheupe, kiloweni kidogo, kisha mkipitishe juu ya fremu ya mlango, pale ambapo hakuna mtu anayekumbuka kufuta. Mimi nilipofanya hivyo kwenye nyumba niliyohamia, kitambaa kilitoka na rangi ya chai na kunata vidoleni. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wiki nzima ya kufungua madirisha haikusaidia kitu.

Kwa hiyo osheni kwanza. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya kukata mafuta yanatosha kwa kuta nyingi. Anzeni chini mkipanda juu, kwa sababu maji machafu yakichuruzika kwenye ukuta mkavu ambao haujaoshwa huacha michirizi migumu kutoka. Badilisheni maji mara kwa mara. Futeni balbu zikiwa zimezimwa na zimepoa, maana utando ulio juu yake ukipata joto hunuka upya kila taa inapowashwa. Safisheni au mbadilishe kichungi cha kiyoyozi. Mapazia na mazulia yaliyoachwa humo, ushauri wangu ni myatoe.

Ukuta ukikauka kabisa, pakeni praima (rangi ya msingi inayotangulia) ya kuzuia madoa, hasa ile ya shelaki, yaani utomvu mgumu unaoziba harufu, ndipo rangi ifuate. Kama kuna mtoto anayetambaa, msiiahirishe kazi hii. Mabaki ya moshi hushika kwenye sakafu na vitambaa, na mtoto hushika kila kitu kisha hupeleka mkono mdomoni.

Chumba kimoja kinanuka mkojo wa paka, hasa siku za mvua. Nimedeki kwa dawa ya klorini mpaka macho yakawasha. Bado.

Acha klorini leo hii, tafadhali. Mkojo una amonia ndani yake, na ikikutana na klorini hutoa hewa inayochoma macho na mapafu. Wala usiichanganye na siki, maana hapo hutoka gesi ya klorini yenyewe.

Kinachonuka siku za mvua ni fuwele za asidi ya yuriki. Haziyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo kudeki kunaondoa sehemu nyingine ya mkojo na kuziacha zenyewe. Hewa ikipata unyevu, harufu huamka tena. Tafuta dawa yenye vimeng'enya, yaani protini zinazouvunjavunja uchafu, iliyotengenezwa kwa ajili ya mkojo wa wanyama. Kosa la wengi ni kuipulizia kidogo na kuifuta papo hapo. Mkojo ulizama, kwa hiyo dawa nayo lazima izame mpaka ulipofika mkojo, na ikae na unyevu kwa saa kadhaa kama maelezo ya chupa yanavyosema. Suuza kwanza klorini uliyoimwaga, la sivyo itaviharibu vimeng'enya kabla havijaanza kazi.

Hujui doa liko wapi? Zima taa usiku, umulike kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV). Mkojo mkavu kwa kawaida hung'aa kwa rangi ya manjano hafifu. Angalia pia sehemu ya chini ya ukuta, maana paka dume hurusha mkojo ukutani. Kama ni zulia na limelowa mpaka chini, ling'oe, usafishe sakafu, kisha uizibe kwa praima.

Mimi nasikia harufu, mume wangu anasema hakuna kitu. Nani yuko sahihi?

Yawezekana pua yake imeshaizoea. Pua huzoea harufu ndani ya dakika chache tu, ndiyo maana mtu haisikii harufu ya nyumba yake mwenyewe. Tokeni wote wawili nje kwa nusu saa, kisha mrudi na kusimama mlangoni. Ile pumzi ya kwanza ndiyo ya kuaminika. Na dada, usikubali kuambiwa unajitungia.

Bafu la wageni linanuka maji taka, ingawa nyumba ilikaa tupu miezi kadhaa na hakuna aliyelitumia.

Linanuka kwa sababu hakuna aliyelitumia. Bomba lililopinda chini ya sinki na chini ya tundu la sakafuni hushika maji yanayozuia hewa ya maji taka isipande. Maji hayo yamekauka. Mimina lita moja au mbili kila tundu. Kwa tundu lisilotumika sana, ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake ili maji yasikauke haraka. Harufu ikibaki, muite fundi bomba.

Jioni tukiwasha taa sebuleni, kunanuka kama samaki. Ni wapishi wa zamani?

Hapana, usisubiri kumaliza kusoma. Plastiki za nyaya na swichi zikipata joto kupita kiasi huweza kunuka hivyo hasa. Zima umeme wa sehemu hiyo kwenye swichi kuu na umuite fundi umeme aliyesomea kazi. Na kwa wote: mkisikia harufu ya gesi, msiwashe wala kuzima swichi yoyote. Tokeni nje ndipo mpige simu.

Kabati la ukutani linanuka nafthalini kiasi cha kuumiza kichwa. Nataka kuweka nguo za mtoto mchanga.

Usiziweke bado. Vidonge vile vya kufukuza nondo hugeuka mvuke taratibu, na mbao huunyonya kwa miaka. Tafuta kwanza vilivyobaki, maana kimoja tu kilichoangukia nyuma ya droo kinatosha kuharibu kazi yako yote. Kisha toa droo zote, acha milango wazi, fungua dirisha na uelekeze feni ndani. Siku za joto ndizo bora, maana joto huharakisha mvuke kutoka. Yaweza kuchukua wiki kadhaa. Ukichoka kusubiri, ziba mbao kwa vanishi ya shelaki.

Kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, nguo zilizokaa na nafthalini zinaweza kuzivunja chembe hizo, na wazazi wengi hawajui kama mtoto wao anao. Kwa sasa nguo zake ziweke kwenye sanduku safi lenye kifuniko, chumba kingine.