Ukitaka kuijua historia ya Uganda, chagua mtu mmoja umfuate

Vijana wakiniuliza waanzie wapi kuijua historia ya nchi yetu, siwapi orodha ya vivutio. Nawaambia wachague mtu mmoja wamfuate: alikotawala, alikopigana, alikokamatwa, alikofia na alikozikwa. Mawe na minara ya kumbukumbu imetawanyika Uganda nzima, na mengi yana maandishi ya mistari miwili mitatu tu. Ukisimama kwenye jiwe moja utaondoka na jina na tarehe. Ukiyaunganisha ndipo utakapoanza kuelewa kwa nini mambo yalitokea.

Mimi nilimfuata Kabalega, Omukama (mfalme) wa Bunyoro, magharibi mwa nchi, na mpaka leo ndiye ninayempendekeza kwa anayeanza, maana nyayo zake zinavuka sehemu kubwa ya nchi. Anzia Mparo, kando ya barabara ya Hoima kwenda Masindi, kilomita chache tu kutoka mjini. Hapo ndipo alipozikwa, na mwanawe Tito Winyi amelala hapo pia. Kabla hujaingia makaburini, tafuta nje mnara mdogo wa saruji ambao wageni wengi wanaupita bila kuuangalia. Unakumbusha kwamba mahali hapo, mwaka 1877, Kabalega alimpokea Emin Pasha aliyekuja kama mjumbe wa upande wa Misri. Usiupite haraka. Kabalega tunayemsikia mara nyingi ni yule wa vita tu. Pale unamkuta mfalme anayekaa na mgeni na kuzungumza naye, miaka mitano tu baada ya kupigana na Samuel Baker, Mwingereza aliyetumwa na Misri, kule Masindi na kumlazimisha kurudi kaskazini. Ukiwa na nafasi, nenda na Patiko, nje ya Gulu, ukaone mabaki ya ngome ya Baker kwenye mawe yale makubwa. Kabla yake palikuwa kituo cha wafanyabiashara wa watumwa.

Kisha nenda Kangai, wilaya ya Dokolo. Tarehe 9 Aprili 1899 Kabalega alikamatwa huko na jeshi la Waingereza, pamoja na Kabaka (mfalme) Mwanga wa Buganda. Mtu anayejua uhasama wa falme hizo mbili lazima ajiulize: ilikuwaje wakajikuta mafichoni pamoja, mbali na makwao, katika nchi ya Walango? Swali hilo peke yake linatosha kukusomesha mwaka mzima. Kabalega alipigwa risasi mkononi na mkono ukakatwa. Wote wawili wakapelekwa uhamishoni Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, lakini hakufika kwao. Alikata roho tarehe 6 Aprili kilimani Mpumudde, Jinja.

Na hapa ndipo roho inaponiuma. Jinja hupokea wageni kila siku. Wanakwenda kwenye mnara wa mvumbuzi Mwingereza John Speke, ng'ambo ya mto, Njeru, panapotajwa kuwa ndipo alipouona mto Nile ukitoka Ziwa Viktoria tarehe 28 Julai 1862. Wanapiga picha, wanavuka kuiona sanamu ya Gandhi, wanakula samaki, wanarudi Kampala. Hata maporomoko ya Ripon aliyoyaona Speke hayapo tena. Maji yaliyafunika baada ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Lakini Mpumudde, alikofia mfalme aliyepigania nchi yake, iko Jinja hiyo hiyo na wachache sana wanafika. Ukienda kumwona Speke, tafadhali tenga saa moja kwa ajili ya Kabalega.

Kwenye kila jiwe, angalia chini: nani ameliweka, na lini? Anayeweka jiwe ndiye anayechagua nini kiandikwe. Sijaona mahali panapoonyesha hili kwa uchungu kama Barlonyo, kaskazini mwa Lira, ambako waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony, waliwaua watu waliokuwa kambini tarehe 21 Februari 2004. Kibao cha pale kinasema waliouawa ni 121. Wenyeji wanasema walizidi 300. Usiende pale kubishana, na usianze mazungumzo kwa kuuliza idadi. Ukiambiwa, andika hesabu zote mbili, na uandike kila moja umeipata wapi.

Sasa, namna ya kuuliza. Kijijini, pita kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ujitambulishe. Atakayekupeleka kwa mzee wa kweli mara nyingi ni yeye. Kiswahili kitakusaidia sana kwa askari wastaafu, Wanubi na watu waliofanya kazi ya reli, lakini bibi wa Bunyoro au wa Lango atasimulia vizuri zaidi kwa lugha yake. Mtafute kijana wa hapo hapo akutafsirie, umlipe. Salamu zisiwe za haraka. Halafu uliza swali dogo linaloshikika. Ukisema "nieleze historia ya hapa", utapewa yale yale ya shuleni. Ukiuliza "mzee, hapa palikuwa na nini kabla ya jiwe hili?" utaona anageuka, ananyosha mkono, anakuonyesha mti, kisima, kiwanja cha mtu. Hapo mazungumzo yameanza. Waulize wazee wawili, kila mmoja peke yake, kwa sababu wakikaa pamoja mdogo atamwachia mkubwa aseme.

Makaburi ya wafalme yana miiko yake. Vua viatu, akina dada wavae gauni refu au wajifunge leso, na simu ibaki mfukoni mpaka mtunzaji aseme ndiyo. Kiingilio kiulizwe mapema, mlangoni. Mzee aliyekupa saa zake, mpe sukari au sabuni baada ya mazungumzo, kamwe si kabla, asije akahisi unayanunua maneno yake.

Ukimaliza na Kabalega, mfuate Semei Kakungulu, kiongozi wa vita kutoka Buganda aliyeshirikiana na Waingereza. Naye alikuwa Kangai siku ile, upande wa waliokamata. Njia yake itakupitisha Teso na Bukedi mpaka Mbale, mji alioujenga. Huko ndiko alikoanzisha, mwaka 1919, jamii ya Abayudaya, Waganda wanaofuata dini ya Kiyahudi, ambayo bado inasali hadi leo, na huko ndiko lilipo kaburi lake. Alifariki mwaka 1928. Waulize watu wa Mbale wanamkumbukaje, kisha warudie wa Kangai na swali lile lile.