Vidonge vya fitosteroli badala ya dawa ya lehemu?

Dada, umeuliza kama mama aache statini, dawa yake ya kushusha lehemu (kolesteroli), atumie vidonge vya fitosteroli, kwa kuwa muuzaji anadai vinazuia lehemu na "kujenga upya" utumbo. Tafadhali, asiache dawa kabla ya kuongea na daktari wake.

Kuhusu lehemu, muuzaji hajadanganya. Fitosteroli hutoka kwenye mimea na umbo lake linakaribiana sana na la lehemu. Ili lehemu ifyonzwe, nyongo huibeba ndani ya vitone vidogo mno hadi kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Fitosteroli huigombea nafasi humo, na lehemu inayokosa nafasi hutoka na choo. Ndiyo maana hunywewa pamoja na chakula. Gramu 2 kwa siku hushusha LDL, yaani lehemu mbaya, kwa takriban asilimia 8 hadi 10. Statini hushusha zaidi, mara nyingi asilimia 30 na kuendelea, tena yenyewe hufanya kazi kwenye ini, kwa hiyo viwili hivi vinaweza kutumika pamoja.

Hilo la kujenga utumbo silikubali. Utando wa utumbo hujifanya upya wenyewe kila baada ya siku chache. Kilichoonekana maabara ni beta-sitosteroli, aina mojawapo ya fitosteroli, kupunguza kasi ya ukuaji wa seli za saratani ya utumbo mpana, tena kwenye vyombo, si tumboni mwa mtu.

Karanga, ufuta na alizeti mama aendelee navyo, ila gramu 2 hazifikiwi kwa chakula cha kawaida. Na kama kwenu kuna ugonjwa wa kurithi wa sitosterolemia, ambao hufanya fitosteroli zirundikane mwilini, vidonge hivyo asiviguse kabisa.