Sabuni yangu ya nazi inawasha: nikiiacha mwezi itapoa?

SWALI: Shikamoo. Niko Mikindani, Mtwara. Jirani alinifundisha kupika sabuni ya nazi. Nilitumia lita moja ya mafuta ya nazi na robo kilo ya kostiki (soda kali ya kupikia sabuni) niliyonunua dukani ikiwa imefungwa kwenye mfuko. Nilikorogea kwenye sufuria yangu ya kawaida ya alumini, ikachemka yenyewe na kutoa povu jingi. Siku ya tano nikaanza kuogea, nikamwogesha na mtoto wa miezi minane. Mimi ngozi inakakamaa na kuwasha, mtoto katoka wekundu mapajani. Miche ina unga mweupe juu. Jirani anasema niiache mwezi mzima itapoa. Wengine wananiambia nikitia mafuta ya ganda la korosho itatibu fangasi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, dada. Tuanze na mtoto. Acha kumwogesha kwa sabuni hiyo leo hii. Msuuze kwa maji safi mengi, hasa kwenye mikunjo ya mapaja ambako sabuni hubaki, na usimpake ndimu wala siki eti kuua ukali; utamuunguza mara ya pili. Kwa sasa maji matupu yanamtosha. Ukiona malengelenge, ngozi inachubuka, au wekundu haupungui kesho yake, mpeleke kituo cha afya na useme wazi kwamba ni sabuni ya kostiki. Ikiwa povu lilimwingia machoni na bado yana wekundu, usisubiri kesho.

Sasa hiyo robo kilo. Lita moja ya mafuta ya nazi ina uzito wa gramu 920 hivi. Kila gramu ya mafuta ya nazi inahitaji gramu 0.183 za kostiki ili igeuke sabuni yote. Zidisha: unapata gramu 168. Wewe umetia 250. Maana yake kwenye miche yako kuna gramu kama 80 za kostiki ambazo hazikupata mafuta ya kushikana nayo. Hizo ndizo zinazokuwasha, na ndizo zilizomgusa mtoto.

Kwa hiyo jirani yako amesema kweli nusu. Sabuni huachwa ikomae wiki nne hadi sita, na huko kwenu wakati wa mvua hata zaidi, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu. Lakini kinachoondoka katika muda huo ni maji: mche unakuwa mgumu, hauyeyuki ovyo, povu linakuwa laini. Kuhusu kostiki, sabuni iliyopimwa sawasawa humaliza kazi yake kubwa ndani ya siku mbili tatu za mwanzo. Iliyozidi haina pa kwenda. Sehemu ya juu itakutana na hewa na kugeuka unga mweupe, ndani itabaki ilivyo.

Huo unga peke yake usikutishe. Hata sabuni nzuri huota unga mwembamba juu, unakwangua kwa kisu basi. Kwako tatizo ni hesabu. Siku nyingine, ukitaka kujua kama mche uliopimwa vizuri umetulia, lowesha kidole, sugua juu ya mche, gusisha ncha ya ulimi mara moja kisha suuza mdomo. Ladha ya sabuni tu ni sawa. Ukirushwa kama umelamba betri, bado kuna kostiki. Miche uliyo nayo sasa usiilambe, jibu lake tunalijua.

Povu la kwenye sufuria nalo halikuwa la sabuni. Kostiki hula alumini na kutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hushika moto. Kama jiko la mkaa lilikuwa karibu, mshukuru Mungu. Angalia sufuria hiyo ndani: utakuta imepauka au ina madoa meusi. Usiipikie tena chakula. Kwa kazi hii tumia stenlesi au ndoo ya plastiki nzito isiyolegea kwa joto, nayo ibaki ya sabuni tu.

Miche iliyopo siwezi kukuahidi itafaa kwa ngozi, maana alumini ya sufuria imeingia kwenye mchanganyiko na hatujui ilikula kostiki kiasi gani. Usiitupe, igeuze iwe ya kufulia. Vaa glovu, ikwaruze kwa mbuzi ya kukunia nazi ambayo haitarudi kwenye nazi ya mboga, weka kwenye chombo cha stenlesi kilichokaa juu ya maji yanayochemka, nyunyizia maji kidogo, kisha ongeza mafuta ya nazi nusu lita na koroga pole pole hadi yapotee kabisa ndani ya uji. Mimina kwenye kalibu, iache wiki nne. Fulia ukiwa na glovu mwanzoni.

Ukipika ya kuogea, nunua kwanza mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Vikombe na mifuko ya dukani achana navyo, kwa sababu kostiki ya chengachenga na ya unga hazijai kikombe sawa. Nazi tupu husafisha mno hadi inakausha ngozi, ndiyo maana sabuni yake hutoa povu hata kwenye maji ya chumvi. Dawa yake ni kuacha asilimia 20 ya mafuta bila kugeuka. Kwa gramu 920 za mafuta, pima kostiki gramu 135 na maji gramu 300. Ukichanganya na ufuta, ambao kwenu na Lindi haukosekani, piga hesabu upya: ufuta unataka gramu 0.134 tu kwa kila gramu. Ukiupimia kwa kipimo cha nazi, utarudi hapa hapa.

Tia kostiki ndani ya maji, kidogo kidogo. Usimwagie maji juu ya kostiki, itaruka. Maji yatapanda joto karibu ya kuchemka na kutoa mvuke unaokaba koo, basi fanyia uani, upepo ukiwa mgongoni, miwani na glovu vikiwa mwilini, watoto na kuku wakiwa mbali. Yakikurukia, suuza kwa maji yanayotiririka dakika 20 au zaidi. Na tafadhali, maji ya kostiki yasikae kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa hata dakika moja. Mtoto akiyanywa, usimtapishe: suuza mdomo, kimbiza hospitali.

Mafuta ya ganda la korosho, hapana. Waulize wanaobangua kwa mikono kwa nini hujipaka majivu au mafuta kwanza. Mafuta yale yana asidi inayobabua ngozi, na kuyapika sabuni hakuyafanyi salama. Fangasi inatibiwa kwa dawa ya fangasi.

Liwa, unga wa mwani au majani makavu ya mwarobaini unaweza kutia, kijiko kimoja cha chakula kwa kilo ya mafuta, ukijua ni harufu na rangi zaidi kuliko tiba. Sabuni mpya jaribu kwanza kwenye kiwiko kwa ndani, subiri siku mbili. Hata iliyopikwa vizuri ina pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 9 hadi 10, kwa hiyo ni ya nje ya mwili: isiingizwe sehemu za siri, wala kupakwa kwenye kidonda.

Na usianze kuuza bado. Mikupuo kadhaa ikishatoka sawa, nenda SIDO (shirika la viwanda vidogo) mkoani na sampuli zako, watakuelekeza njia ya TBS (shirika la viwango), ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia vipodozi badala ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Kwenye daftari andika tarehe ya kila mkupuo na gramu za kila kitu ulichotia. Mteja akija na vipele utajua ni mche upi.