Mbona pesa za ruzuku haziingii kwenye simu yangu?

SWALI: Mimi ni mkulima wa mahindi, Kiminini, Kaunti ya Trans Nzoia. Chifu alinisajili mwaka 2023 nikiwa na ekari moja. Sasa nalima tatu, mbili za kukodi. Nimepata ujumbe wa mifuko miwili tu ya mbolea, na pesa za ruzuku zenyewe sijaziona. Ghalani nako naambiwa DAP, mbolea ya kupandia, imeisha, nichukue nyingine ya 23:23:0. Nifanyeje?

JIBU: Pesa hazitaingia, ndugu, na hakuna aliyezila. Ruzuku ya mbolea nchini Kenya iko ndani ya bei. Mwaka 2022, wakati DAP madukani ilikuwa imepita shilingi 6,000, mkulima aliyesajiliwa aliuziwa mfuko wa kilo 50 kwa 3,500. Mwaka 2023 ikashushwa hadi 2,500. Hiyo tofauti ndiyo ruzuku yako. Wewe unalipa sehemu yako, nyingine serikali inaibeba. Kwa hiyo akipiga mtu simu akidai "ruzuku yako iko tayari, tuma ada", kata.

Kuhusu mifuko miwili: mashine haijui umekodi. Inasoma ekari na zao lililoandikwa siku ile kwa chifu, basi. Rudi kwake na kitambulisho, laini ileile uliyosajilia, na karatasi ya makubaliano ya kukodi kama mliandikiana. Kabla hujaenda, muulize mwenye shamba kama ekari hizo mbili zimo kwa jina lake. Nimeona hili mara nyingi: shamba moja, watu wawili wanalidai kwenye sajili, na ugomvi unazuka mvua ikiwa imeshaanza. Kilimo kiligatuliwa tangu 2013, lakini mpango huu ni wa Serikali ya Kitaifa, kwa hiyo usipoteze nauli kwenda kulalamika kwa gavana.

Sasa DAP, na hapa tupige hesabu. DAP ni 18:46:0, yaani asilimia ya nitrojeni, fosfeti na potasi kwa mfuatano huo. Mfuko wa kilo 50 una kilo 9 za nitrojeni na kilo 23 za fosfeti, ile inayosukuma mizizi ya mahindi machanga. Mfuko wa 23:23:0 una kilo 11.5 za kila kimoja. Ukibadilisha mfuko kwa mfuko, umepunguza fosfeti nusu nzima, na mahindi yatakuonyesha: majani ya chini yanakuwa na rangi ya zambarau wiki chache tu baada ya kuota.

Ukitaka fosfeti ileile, itabidi uweke mifuko miwili ya 23:23:0 mahali pa mmoja wa DAP. Ni ghali, ila si hasara yote, kwa sababu unapata nitrojeni kilo 23 badala ya 9. Hizo 14 za ziada ni takriban nitrojeni ya mfuko mmoja wa CAN, mbolea ya kukuzia. Usiiache CAN kabisa lakini, maana nitrojeni ya kupandia husombwa na mvua kubwa. Mimi ningepunguza ya kukuzia kwa nusu, nitazame rangi ya majani ndipo niamue.

Kwa mifuko yako miwili, ningeichukua hiyo 23:23:0 leo, niiweke yote kwenye ekari moja, kuliko kuinyunyiza kidogo kidogo kwenye tatu. Na kama udongo wako haujapimwa asidi, upime kabla ya msimu ujao. Mashamba mengi ya huko kwenu yana asidi, na asidi hushika fosfeti mmea usiipate hata ukimwaga DAP gunia zima.

Mwisho, tangu sakata la mbolea feki la 2024 watu wananiuliza watambueje. Kwa CAN kuna jaribio la nyumbani: tia vijiko viwili kwenye glasi ya maji, koroga, shika glasi. CAN halisi huyapoza maji hadi unahisi kiganjani, na punje huyeyuka zikiacha mashapo kidogo ya chokaa. Ukikuta mchanga umetulia chini na maji yako vilevile, usiipeleke shambani. Weka mfuko na risiti, umwite afisa wa kilimo wa wadi.