Tazameni mwezi kabla ya kulipia vyumba

Umeuliza kama wikendi yoyote inawafaa kwenda kijiji cha pwani na marafiki zako. Kama mnataka kuogelea, hapana. Siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo ni bamvua: maji hupwa mbali na kujaa kwa nguvu. Chagueni maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapwi mbali wala kujaa sana, mwezi ukiwa nusu. Pwani nyingi saa za kujaa husogea kama dakika 50 kila siku, hivyo ratiba ya Jumamosi msiitumie Jumapili.

Bamvua huwafaa wa kutembea mwambani. Watoke saa moja kabla ya maji kupwa kabisa, wavae viatu vya soli ngumu (ndala hupenywa na miiba), wageuke maji yakigeuka. Tafadhali wasichelewe: mabonde yaliyo kati ya mwamba na ufuo hujaa kwanza, mtu akazingirwa bado amesimama pakavu.